Kulia Mbili, Kushoto Mbili na Nusu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeliona leo asubuhi wakati navaa. Doa, juu ya titi la kulia, pale sidiria inapoanzia. Jekundu, kavu, lina vipele vidogo vilivyobanana. Nikasema ni mbu. Nikanywa chai, nikamkumbusha binti yangu ufunguo, nikatoka. Nimefika nusu ya njia nikasimama katikati ya watu: mbu gani anaingia ndani ya sidiria?

Daftari hili nimelinunua duka linalotazamana na karakana. Muuzaji kaniuliza ni la mtoto wa darasa la ngapi, nikamwambia la saba. Binti yangu yuko la sita. Sijui kwa nini nimedanganya. Labda kwa sababu ningeona aibu kusema ni la mtu mzima wa miaka thelathini na minane aliyeogopa kitu na hana wa kumwambia.

Jumanne, 4 Novemba

Na kushoto lipo.

Alhamisi, 6 Novemba

Acha niandike kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye cherehani nne: tatu zinafanya kazi, ya nne inatunzwa kwa heshima ya uzee wake. Mwenye karakana tunamwita Bi Mkubwa. Alikuwa rafiki wa mama yangu tangu usichana, walijifunza kushona pamoja, na mama alipofariki alinichukua nikiwa na miaka kumi na tisa akanikalisha kwenye cherehani ya mama. Siku hizi macho yake yamechoka, hashoni tena. Anapiga pasi, anapokea wateja na anagombana nao. Fundi mwenzangu ni mwanaume mrefu anayepiga mluzi kutwa nzima, wimbo mmoja tu, na hata huo haumalizi. Tunamwita Mluzi, na mwenyewe anaitika.

Mama alikufa kwa saratani ya titi. Haya, nimeliandika. Kwetu neno hilo halitamkwi, shangazi zangu husema "ule ugonjwa". Mimi sikuwahi kuona alivyokuwa kifuani, alinificha mpaka mwisho. Aliyekuwa akimwosha ni Bi Mkubwa. Ninachojua ni sentensi moja niliyoisikia kwa shangazi, siku ya msiba, amesimama mlangoni akidhani sipo: "Kumbe lilianza kama doa tu la ngozi."

Mimi ninayo mawili.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeyapima. Ningefanya nini kingine? Kitu kikinisumbua nakipima, ndiyo kazi yangu.

Tepu yangu ya kupimia ni ya mama. Ya njano iliyopauka, ina kibati kidogo cha chuma kila ncha, namba za katikati zimefutika lakini za mwanzo zinasomeka. Nimejifungia chumbani, nimeweka kibati ukingoni mwa doa, nikakikandamiza vizuri kisiteleze. Kulia: sentimita mbili. Kushoto: mbili kasoro kidogo.

Nitapima kila asubuhi na kila nikirudi kazini. Yakikua nitajua.

Jumatatu, 10 Novemba

Kulia 2. Kushoto 2. Joto kali, bati la karakana linalia.

Jumatano, 12 Novemba

Msimu wa sare umeanza. Shule zinafunguliwa tarehe kumi na mbili Januari, na kila mzazi anadhani ni yeye peke yake aliyekumbuka. Leo nimekata marinda ya sketi arobaini. Jioni nilipoweka mkasi chini, kidole gumba kilibaki kimekunjwa kama bado kimeushika. Vidole viwili vina ganzi. Bega la kulia linauma mpaka shingoni, na kiuno kimekaza hivi kwamba nimeinuka kwa awamu, kwanza magoti, halafu mengine.

Bi Mkubwa kanicheka. "Mwanangu, unainuka kama hema."

Nimecheka naye. Moyoni nilikuwa nasema: limefika begani. Nimesikia kwamba huwa linatembea. Linaanza kwenye ngozi, linaingia kwapani, linashika bega, halafu mifupa.

Alhamisi, 13 Novemba

Kulia 2. Kushoto 2. Yanawasha sana saa ya jua kali.

Nimejaribu kuvua tepu nipate hewa shingoni. Bi Mkubwa kaniona palepale. Ana sheria moja ya karakana, na ni ya tangu enzi za mama: anayeonekana bila tepu shingoni ndiye anayefagia jioni. Na haitakiwi ining'inie. Sisi wanawake tunachomeka ncha zake mbili ndani ya sidiria, moja huku moja huku. Mluzi anazitia kwenye mifuko ya shati. Zamani nilikuwa naiacha ining'inie kama kitambulisho cha mkubwa fulani, mpaka siku niliposhona tepu na pindo la gauni la muuguzi kwa pamoja, na muuguzi mwenyewe amesimama anasubiri. Tangu hapo nachomeka.

Nimefagia.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemfundisha binti yangu kupika wali. Jana nilimfundisha kukaanga mayai, juzi kufua shuka. Ana miaka kumi na moja, anajua kupika maji ya chai tu, na hata hayo anayasahau jikoni yakakauka. Leo alipounguza sufuria mara ya pili nilimpigia kelele. Akaniangalia na mwiko mkononi, akauliza, "Mama, mimi nimekosa nini?"

Nikamwambia hajakosa kitu. Nikaenda chumbani nikamletea hereni za mama. Ndogo, za mviringo. Mimi sijawahi kuzivaa, masikio yangu hayapatani na hereni, yanavimba siku ileile. Nikamwambia, "Hizi zako." Nilidhani atafurahi. Alizishika akalia, kwa sababu naye si mjinga, anajua mtu hagawi vitu vyake bila sababu.

Jumatano, 19 Novemba

Kulia 2. Kushoto 2½. Limekua.

Nimepima mara nne, labda nimekosea. Sikukosea. Namba ni namba.

Jumapili, 23 Novemba

Mume wangu ni fundi rangi. Anaona ukuta ukiwa na ufa mwembamba kama unywele, lakini mke wake siku ishirini anavaa akiwa amempa mgongo, hajaona. Nilikuwa nimefikia hapo katika kumsema moyoni, ndipo leo akatoka uani na msumeno, akaanza kutengeneza mlango wa kabati la vyombo, ule alioniahidi mwaka juzi.

"Nimeona umenuna," akasema bila kunitazama. "Nikajua ni kabati."

Nimesimama namtazama anapiga misumari. Nilitaka kumwambia pale pale. Nikafungua mdomo, nikasema, "Bawaba ya chini umeiweka juu chini."

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua. Mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Mfereji wa nyuma ya karakana umeziba, maji yameingia mpaka kwenye majora ya kitambaa. Tumebeba kila kitu tukakipandisha juu ya meza, Bi Mkubwa katikati ya maji ameshika pasi juu ya kichwa akitoa amri. Katika kuinua jora nimemwona ameegemea ukuta, anajikuna kifuani kwa mgongo wa mkasi, amefumba macho. Aliponiona akaacha. "Joto," akasema, na maji yako kwenye vifundo vya miguu.

Karakana imefungwa mpaka ikauke.

Ijumaa, 28 Novemba

Siku nne nyumbani. Bega limepungua. Nimepima asubuhi: kulia 1½, kushoto 1½, na wekundu umekuwa kama chai iliyozidi maziwa.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nimekaa kitandani jasho linanitoka, kwa sababu nimekumbuka wiki moja ya mama. Ilikuwa miezi mitatu kabla ya kufa. Aliamka mzima, akashona gauni, akaimba, akatufokea kama zamani. Tulisema amepona. Ugonjwa ulikuwa umepumzika tu.

Jumatano, 3 Desemba

Tumerudi kazini Jumatatu. Kulia 2. Kushoto 2½. Kama nilivyosema.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimekwenda duka la dawa, si la mtaani kwetu, la mbali. Nilipanga kusema ukweli. Nyuma yangu wakajipanga watu watatu, mmoja mzazi wa wanafunzi ninaowashonea.

"Una shida gani, mama?"

"Vipele. Vinawasha."

"Wapi?"

"Mguuni," nikasema.

Kanipa mafuta ya fangasi za miguu. Kaniambia nipake katikati ya vidole, asubuhi na jioni, na nisivae viatu vya kubana. Nimepaka kifuani.

Jumapili, 7 Desemba

Kumewaka moto. Nimeosha kwa sabuni, nikaosha tena. Yamekuwa mekundu kama nyanya na ngozi inachubuka. Sijui sasa kipi ni cha ugonjwa na kipi nimejifanyia mwenyewe.

Alhamisi, 11 Desemba

Kulia 2. Kushoto 2½. Mvua.

Kila mtu ninayemwona sasa namwona kwa upande mmoja: je, atamlea binti yangu? Shangazi mkubwa, hapana, ana mkono mwepesi wa kupiga. Mdogo wa mume wangu, ana watoto watano na sauti ya tarumbeta. Bi Mkubwa, ndiyo, lakini amezeeka. Leo nimemtazama anavyomfokea mteja huku anamrekebishia mtoto wake kola kwa mikono laini kabisa, nikatamani kumwuliza. Alinilea mimi baada ya mama. Nitamwambiaje sasa, Bi Mkubwa, anza tena?

Yeye ndiye peke yake anayejua doa la mama lilivyokuwa. Kila siku nasema nitamwuliza baada ya chakula, halafu chakula kinaisha.

Jumatatu, 15 Desemba

Sikupima. Nimeogopa tepu.

Jumanne, 16 Desemba

Nimepima kazini, chooni, haraka haraka. Kisha nikarudi mezani, mteja akaja, nikaandika vipimo vya mtoto wake, nikaendelea na kazi.

Jumatano, 17 Desemba

Siku ya leo siisahau.

Tuna daftari kubwa la vipimo, linakaa kwenye meza ya kukatia. Kila mteja na mstari wake: jina, kiuno, urefu, bega. Asubuhi Mluzi anasoma kwa sauti, mimi nachora kwa chaki. Leo alikuwa anasoma hivyo hivyo, akakatisha mluzi wake, akainamia karatasi.

"Huyu nani? Jina, 'Mwenyewe'. Kulia mbili. Kushoto mbili na nusu." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Kiuno hakuna, urefu hakuna. Fundi, hii ni sare ya nani, ya sisimizi?"

Jana. Nilipotoka chooni, mkono uliandika wenyewe. Miaka kumi na tisa nikipima naandika, naandika kwenye lile daftari.

Nilijaribu kucheka. Nilisema ni kiraka. Mluzi akacheka, akasema kiraka chenye kulia na kushoto hajawahi kukiona, akarudia mluzi wake. Lakini pasi ilikuwa imenyamaza. Nilipogeuka, Bi Mkubwa alikuwa ameisimamisha, ananitazama kifuani. Uso wake uliniambia amekwisha kuelewa, kwa sababu ni yeye peke yake mle ndani aliyekuwa na cha kukumbuka.

"Mluzi," akasema, "nenda kanunue uzi mweupe."

"Uzi mweupe tunao, Bi Mkubwa."

"Basi kanunue mweusi."

Mluzi alipotoka, Bi Mkubwa akafunga mlango wa mbele saa nne ya asubuhi, msimu wa sare, wateja wawili nje wanagonga. Nikakaa kwenye stuli yangu, akaja akasimama karibu yangu. "Tangu lini?"

"Mwezi na nusu."

Akanipiga kofi begani, si la utani. Halafu akanishika kichwa akakikandamiza kwenye tumbo lake linalonuka mvuke wa pasi, nikalia kama mtoto. Nilimwambia yote, binti, wali, mafuta ya miguu. Akasema, "Mama yako alikaa mwaka mzima anapaka mafuta ya nazi, na mimi nikamwacha, nikasema ni ngozi tu. Wewe hukai hata kesho kutwa. Kesho."

"Twende wote."

Mkono wake ukasita kichwani mwangu. "Mimi nitabaki na kazi. Hospitali sizipendi, unajua." Na sauti yake, ambayo wateja wanaisikia mtaa wa pili, ilikuwa ndogo.

Nimerudi nyumbani nimemwambia mume wangu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni muda mrefu, anafungua na kufunga mlango wa kabati. "Kumbe si kabati," akasema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Alhamisi, 18 Desemba

Naandika mchana, mezani kwangu nyumbani, mikono imetulia kwa mara ya kwanza.

Tulikwenda zahanati mimi na mume wangu. Benchi la mbao, watu kumi na wanne mbele yetu, nimewahesabu mara tatu. Nilivaa kama ninavyovaa kazini kwa sababu sikuweza kufikiri nguo nyingine. Daktari ni msichana, kwa umri angeweza kuwa mtoto wa dada yangu kama ningekuwa na dada. Kanisikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari za mama, hakunikatisha. Akasema nivue blauzi.

Nikavua. Nikachomoa tepu kutoka kwenye sidiria, kwanza ncha ya kulia, halafu ya kushoto, nikaiweka mezani. Daktari akaitazama ile tepu, akanitazama mimi.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Tepu. Mimi ni fundi."

"Hebu irudishe. Kama ulivyokuwa umeivaa."

Nilidhani ananidhihaki. Nikaichomeka. Akainama, akavuta kidogo ukingo wa sidiria, akaniambia nitazame mwenyewe. Kibati cha kulia kilikuwa kimelala juu ya doa la kulia. Cha kushoto juu ya la kushoto. Kama kifungo na tundu lake.

Akaniuliza kama navaa hereni. Nikamwambia masikio huvimba. Akacheka, akasema vibati hivi na hereni za bei rahisi vina madini ya aina moja, kuna ngozi haziyapendi kabisa, na jasho linazidisha, hata kwa aliyeivaa tepu miaka yote bila shida. Siku nne karakana ilipofungwa sikuvaa tepu, ndiyo maana yalipungua. Na nilipokuwa napima asubuhi na jioni, je, kibati nilikiweka wapi?

"Juu ya doa," nikasema.

"Ukakandamiza."

"Kisiteleze."

Mume wangu alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja.

Hakuishia hapo. Alinipapasa yote mawili, polepole, mpaka kwapani, hakuna uvimbe. Kwa ajili ya mama yangu amenipeleka nikapigwe picha ya matiti, na amesema tangu sasa nitapimwa kila mwaka, hilo si la kujadili. Bega na kiuno, kaniuliza ninakaaje. Nilipomwonyesha kwenye kiti chake, akasema stuli yangu ni fupi mno, naukunja mgongo kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Vidole vinakufa ganzi kwa mkasi mzito na kutopumzika. Nipandishe stuli, ninoe mkasi, nisimame kila baada ya sketi kadhaa. Mafuta ya miguu nipake miguuni.

Nilipokuwa navaa kaniambia jambo moja zaidi. "Yako ni mawili, moja kila upande, na yana sababu. Lingekuwa moja, upande mmoja, haliponi, ningekuwa na uso mwingine sasa hivi." Nikaitikia tu. Nilikuwa nafunga vifungo, nataka kutoka nje nikapige kelele barabarani.

Tepu ya mama nimeirudisha nyumbani mfukoni. Nimemwambia binti yangu sufuria zote aunguze anavyotaka.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimewasimulia karakana nzima, kwa maigizo. Mluzi amecheka mpaka amekaa juu ya jora. Bi Mkubwa alikuwa na furaha kuliko mimi. Alinishika mikono akanizungusha, akapiga vigelegele, wateja wakadhani kuna harusi. Halafu akakaa, akashika kifua chake, akasema, "Kumbe tepu! Kumbe tepu jamani! Na mimi mwaka wa pili huu najikuna, nimenyamaza tu."

Tukacheka tena. Nimechukua mabaki ya kitambaa cha kola nikavishonea vibati vya tepu yangu na ya kwake, vimefunikwa kabisa. Hakuniruhusu nimvue, aliivua mwenyewe, akanipa, akaivaa.

Jumatatu, 29 Desemba

Majibu ya picha: safi. Kulia 1. Kushoto 1. Nimepima kwa rula ya plastiki ya binti yangu.

Ijumaa, 2 Januari

Stuli imepandishwa kwa matofali mawili. Naona karakana nzima kwa juu, kama hakimu. Kiuno kimenyamaza.

Jumatatu, 5 Januari

Kulia hakuna. Kushoto kama kivuli. Sare mia moja na sitini bado hazijachukuliwa na wenyewe.

Alhamisi, 8 Januari

Leo tumefanya kazi bila kula. Mchana nilisimama kunyoosha mgongo kama nilivyoagizwa, na kwa juu ya stuli yangu nikamwona Bi Mkubwa kwenye meza ya pasi. Amesimamisha pasi. Mkono wa kulia umeingia chini ya kanga, juu ya titi la kushoto. Anajikuna polepole, midomo imebana.

Nikasema moyoni, kitambaa kimetoka kwenye kibati, nitamshonea tena. Nikakaa. Nimeshona upande mmoja wa sketi, nikafika kwenye kona, mguu ukaacha kukanyaga.

Wiki tatu kibati kimefunikwa. Madoa yangu yamekwisha.

Na siku ya mvua, kwa mgongo wa mkasi, ulikuwa upande huo huo. Nimejaribu kukumbuka siku hata moja nimemwona akikuna kulia. Nimekumbuka miaka miwili yote. Sikumbuki.

Tepu ina ncha mbili.

Nimekwenda mezani kwake. Nilitaka kuuliza kwa upole, sauti ikatoka kama ya mteja mkorofi. "Bi Mkubwa, la kwako liko upande gani?"

"La kwangu nini?"

"Doa."

Akaanza kucheka. "Si uliniambia tepu?"

"Upande gani?"

Akaitazama pasi. "Kushoto," akasema.

"Na kulia?"

Akachukua shati dogo la shule lililokwisha kunyooshwa, akalipiga pasi tena, kola, mikono, kola. Kisha akasema, sauti ileile ndogo niliyoisikia Desemba, "La mama yako lilikuwa moja. Kushoto. Nilimwosha mimi, nalijua kama nijuavyo kiganja changu. Mwaka juzi nilipoliona langu nilijua, mwanangu. Nikasema nimalize msimu. Ukaisha, nikasema nimalize mwingine. Halafu wewe ukaja na tepu yako, ukiwa na furaha vile. Nilitaka sana iwe tepu."

Mimi ndiye niliyempa kisingizio hicho cha tepu. Nilimpa na maigizo juu yake. Daktari aliniambia kwa mdomo wake, upande mmoja, haliponi, na mimi nilikuwa nafunga vifungo.

Naogopa kuliko nilivyoogopa Novemba. Wakati ule nilikuwa naogopa peke yangu, nikijionea huruma. Sasa namwogopea mtu ambaye yuko mbele yangu anapiga pasi shati lisilo na kunjo.

Ijumaa, 9 Januari

Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, siku kubwa kuliko zote za mwaka, karakana yetu imefungwa. Mluzi amekaa mlangoni na sare zote kwenye mifuko, anawapa wateja na kutukanwa nao kwa niaba yetu. Nimemwacha hajapiga mluzi.

Bi Mkubwa alitoa sababu njia nzima. Viatu vinabana. Pasi huenda haikuzimwa. Sketi ya mtoto wa muuguzi haina zipu. Nimemshika mkono kama nilivyokuwa namshika binti yangu siku ya kwanza ya shule, sikujibu hata moja.

Naandika tukiwa kwenye benchi. Wamebaki wawili mbele yetu. Amevua tepu shingoni mwenyewe, ameikunja ikawa duara dogo, anaizungusha mkononi. Ameniuliza kama daktari ni yule msichana. Nimesema ndiye. Ameniuliza kama mikono yake ni baridi. Nimesema kidogo.

"Nikikutwa nalo?"

"Nitakuwepo."

"Sijakuuliza hilo."

"Najua," nimesema. "Lakini ndilo ninalolijua."

Mlango umefunguliwa. Daktari ametoa kichwa, amenikumbuka, ametabasamu, ameuliza kati yetu mgonjwa ni nani. Bi Mkubwa ameninyooshea mimi kidole.

Nimekishika kile kidole, nimekigeuza taratibu mpaka kikamwelekea yeye mwenyewe. Hakukivuta. Nafunga daftari, tunaingia wote.